Mwenye Nyumba wa Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ni mwenye nyumba. Si hapa. Hapa yeyote anaweza. Ng'ambo! Chumba na sebule, ghorofa ya nne, vigae vyeupe, dirisha kubwa. Nimeiona kwenye picha.

Aliyenipigia picha ni shemeji, mdogo wa mke wangu. Anaishi huko miaka mingi, lugha yao anaimudu. Sheria ya huko inataka hati iwe na jina la mkazi, basi tumeandika lake. Mke wangu aliuliza mara mbili kama ni lazima. Nikamwambia damu nzito kuliko maji, tena damu yenyewe ni ya kwao.

Pesa ni ile aliyokuwa akidunduliza mke wangu tununue kiwanja, maana amechoka kupanga. Nimemfafanulia: kodi ya huko italipa kodi ya hapa, na salio litanunua kiwanja. Subira huvuta heri. Akaendelea kukunja nguo. Nimechukulia kwamba amekubali.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Duka la vifaa vya ujenzi, upande wa vitasa na kufuli. Kaunta ya jirani yuko mzee mmoja tunayemwita Bwana Rangi, kwa sababu anauza rangi. Ana vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya kwake, na miaka yote hii hatujapumzishwa na habari zake. Leo nimemwonyesha picha.

Akavaa miwani. Akauliza mpangaji ni nani. Nikasema watagombania. Akauliza bomba likipasuka nitajuaje. Kijicho hicho. Nikageuka nikamuuzia mteja kufuli.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa wapangaji, uani. Mwenye nyumba wetu anataka kupandisha kodi. Majirani walikuja wamenuna, wakaniomba niwasemee kwa kuwa nina sauti. Nilisimama nikiwa na nia safi kabisa ya kupinga.

Lakini nilipofungua mdomo nikaona upande wa pili. Rangi imepanda. Vitasa vimepanda, mimi mwenyewe ndiye ninayevipandisha. Nikasema sisi wenye nyumba tuna mizigo ambayo mpangaji haioni. Nilizungumza vizuri sana. Mwenye nyumba alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kodi imepanda. Mke wangu alitangulia ndani. Majirani hawaitikii salamu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

Jumanne, 11 Machi

Mpangaji amepatikana upesi kuliko nilivyotarajia. Ni shemeji. Anasema nyumba ikikaa tupu inaharibika, kwa hiyo amehamia ili ailinde. Nimeona ana hoja.

Nikamuuliza, kwa upole, habari ya kodi. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema siku zote alijua kwamba shemeji yake ana utani. Kisha akauliza mapazia nitatuma lini.

Ijumaa, 14 Machi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakueleza jembe linatolewaje kwa simu.

Nimeamua kupitia kwa wakubwa. Nikampigia mama mkwe, shikamoo yangu ndefu, nikauliza afya ya kila mtu. Nilikusudia kuifikia kodi kwa kuzunguka. Kabla sijazunguka, akaanza kulia. Akanishukuru. Hakujua kwamba Mungu amempa mkwe wa kumnunulia mwanawe nyumba ugenini. Ukoo mzima ameshautangazia. Ananiombea asubuhi na jioni.

Nikasema amina. Sasa hapo mtu unasema nini kingine? Nimemwahidi na mapazia.

Jumatatu, 31 Machi

Mwenye nyumba amekuja kudai kodi, ile mpya. Nilimpa kiti. Nikamkumbusha kwamba mimi na yeye ni watu wa shughuli moja, kwa hiyo anajua jinsi mpangaji asiyelipa anavyoweza kukurudisha nyuma. Akasema anajua sana. Tuhame ifikapo mwisho wa Aprili.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakugomba. Alisema tu kwamba hii ni mara ya nne anafungasha vyombo tangu tuoane, na kwamba sahani zake za harusi zimebaki tatu. Nilitamani agombe. Nimeona aibu.

Jumatano, 2 Aprili

Mke wangu amempigia mdogo wake. Nilijifanya ninaosha vikombe. Hakupaza sauti. Alimwita kwa jina la utotoni, akamkumbusha nani alimbeba mgongoni na nani alikosa shule ili yeye asome. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka, simu imekwisha.

Shemeji anatafuta mnunuzi. Nilipoingia kati nikashauri tungoje bei ipande. Hakuna aliyenisikia, au walinisikia.

Jumatano, 30 Aprili

Tumehamia. Vyumba viwili, nyuma ya nyumba, masharti nafuu. Kwa Bwana Rangi. Mke wangu ndiye aliyepatana naye.

Mzee ametuonyesha bomba, swichi, na pa kuanika. Kuhusu ng'ambo hakusema neno. Afadhali angesema likaisha. Kitasa cha mlango hakifungi vizuri. Nilimuuzia mimi.

Jumapili, 1 Juni

Nyumba ya ng'ambo imeuzwa. Shemeji ametuma pesa kwa mke wangu, moja kwa moja, mimi nikaarifiwa baadaye. Mke wangu tayari amenunua kiwanja. Jina lake, saini yake.

Leo amenipeleka. Alivua viatu akachora kwa kidole cha mguu: jiko hapa, sebule hapa, chumba chetu hapa. Akasimama katikati ya chumba chetu, penye majani, akasema hapa hakuna atakayetutoa. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Machi. Nilifurahi mno, ikabidi nigeuke nijifanye ninakagua mpaka. Nimeapa moyoni kwamba nyumba hii sitaigusa.

Jumatano, 4 Juni

Sijaigusa. Haijajengwa.

Ila nilipiga picha moja ya kiwanja, jua likiwa zuri, nikamtumia shemeji amwonyeshe mtu yeyote. Amejibu leo. Bosi wake anakaribia kustaafu na anatafuta nyumba tulivu ya kupanga, nchi ya mbali. Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua ng'ambo. Safari hii ng'ambo ni sisi! Anatanguliza kodi ya mwaka mzima, na nusu yake nimeshapokea.

Jioni mke wangu ameniuliza chumba chetu tukipake rangi gani. Nimemwambia asiwe na haraka. Mpangaji bado hajachagua.