Fundi wa Mapaa na Bati Lililoachia Mawinguni

Sogeeni, enyi mliosimama na mlioegemea ukuta, na wewe unayetafuna huko nyuma umeze kwanza, maana habari niliyoibeba haitaki kusindikizwa na meno. Nasimulia vita. Si vita vya mikuki na farasi, hivyo mmevisikia mpaka mkachoka. Ni vita vya dakika hamsini na tano, vilivyopiganwa kwenye kiti cha dirishani, safu ya kumi na nne, na mtu mmoja aliyefungwa mkanda. Ewe ulimi wangu, ulioniponza mara nyingi mbele ya wakwe na mbele ya mabosi, leo nitumikie vizuri, nisimulie yote bila kupunguza.

Palikuwa na fundi wa mapaa aliyeitwa Kipanga. Jina hilo alipewa na waliomtazama kutoka chini, kwa kuwa ndiko watu wengi walikomwona. Simba wa Kenchi, Mtawala wa Mabati, Bwana wa Migongo ya Nyumba! Alipita juu ya ghala la ghorofa nne na njiti ya kiberiti mdomoni, huku akibishana kuhusu mpira na watu walioko barabarani, na upepo ukampisha kwa adabu. Ngazi zilimjua. Hakuna aliyewahi kumwona akishika kitu kwa mikono miwili.

Lakini ndege, jamani! Ndege ikipita angani, Kipanga alishuka ngazi na kusubiri ukutani mpaka mlio wake upotee, ndipo apande tena. Harusi alikwenda kwa basi, misiba alikwenda kwa basi, na safari moja alisafiri siku mbili na nusu kwenda kuezeka jumba ambalo kwa ndege ungefika chai ikiwa bado ya moto. Aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa.

"Urefu siuogopi," alikuwa akiwaambia waliomcheka. "Ninachoogopa ni kukaa juu ya kitu nisichojua kimeshikwa na nini. Bati limeshikwa na kenchi, kenchi imeshikwa na ukuta, ukuta umeshikwa na msingi. Haya, niambieni, ndege imeshikwa na nini? Na maneno matupu!"

Na tena, sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kipanga hakuwahi kuamini kazi ya fundi mwingine tangu aanze kushika nyundo. Hakukanyaga paa la mtu kabla ya kuligonga mara tatu kwa nyundo yake, iliyoitwa Semakweli, na kutega sikio. Mbao ikijibu kwa sauti kavu, alipanda. Ikijibu kwa sauti ya uvivu, alikunja vifaa akaondoka. Siku aliyokaribishwa chakula kwa mara ya kwanza nyumbani kwa baba mkwe, alipanda kwanza kugonga paa lao, wali ukapoa, na mama mkwe hajamsamehe hadi leo.

Basi, siku moja saa sita mchana, simu ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali na binti yake. Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Kipanga alikuwa na miaka minne na dada alikuwa na kumi na mitatu, na tangu siku hiyo dada alimbeba, akamlisha, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na akampiga pale ilipobidi. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na ulikuwa mwaka wa sita haoni kitu.

"Mdogo wangu," dada alisema, "daktari ameivuta tarehe mbele. Jicho la kulia wamelipasua leo asubuhi. Bendeji inafunguliwa kesho saa nne."

"Kesho? Dada, si tulisema mwezi ujao?"

"Nisikilize. Nimekaa gizani miaka sita. Kesho wakinifungua, sitaki kuanza na sura ya daktari. Nataka kuanza na yako. Ukishindwa sitakulaumu. Lakini nitaumia."

Akakata simu, maana watu waliokulea hawana haja ya kusema mara mbili.

Kipanga akauliza habari za basi. Akaambiwa daraja limebebwa na mafuriko wiki iliyopita, mabasi yanazunguka, safari ni siku mbili kama hakuna pancha. Akauliza habari za lori. Akauliza habari za pikipiki. Mkewe alimwacha aulize mpaka maswali yakamwishia, ndipo akamwonyesha tiketi kwenye simu: ndege, saa moja asubuhi, kiti cha dirishani.

Kipanga akasimama katikati ya sebule, akainua mkono. "Mke wangu, uliyenivumilia miaka ishirini na miwili! Ikiwa kesho sitarudi, waambie watoto kwamba baba yao hakuogopa mvua wala jua wala mbao iliyoliwa na mchwa, bali aliitwa na damu yake, naye akaitika. Kile chumba cha vifaa..."

"Hotuba utaimalizia kwenye foleni," mkewe alisema. "Umeoga?"

Ndivyo shujaa alivyofika uwanja wa ndege kulipopambazuka, amevaa suti ya harusi yake, mkewe pembeni, na Semakweli ikiwa ndani ya begi. Kwenye mashine ya ukaguzi akakutana na mlinzi wa kwanza wa lango, mama mmoja mpole mwenye miwani.

"Baba, hii ni nini?"

"Hiyo ni Semakweli."

"Semakweli haipandi."

"Mama! Ninyang'anye viatu, ninyang'anye mkanda wa suruali, lakini usimpeleke mtu vitani mikono mitupu! Bila hiyo nitaijuaje kweli ya chombo chenu?"

"Mkanda pia utavua," alisema yule mama. "Na viatu."

Nyundo ikarudishwa kwa mkewe, ng'ambo ya kizuizi. Mke wa shujaa akaipokea huku akipiga miayo, akaiweka kwenye mkoba pamoja na funguo, akampungia mkono. Kipanga akasonga mbele, ameshika suruali isimwanguke.

Alipofika mlango wa ndege hakuingia. Alisimama juu ya ngazi, abiria wamejipanga nyuma yake hadi chini, akakunja ngumi, akagonga ubavu wa ndege kwa vifundo vya vidole. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, sikio limeganda kwenye bati. Lile bati likatoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani, si kavu wala si ya uvivu.

"Mzee," mtu akauliza nyuma yake, "unambishia hodi nani?"

"Karibu, mzee, tupo," akajibu mhudumu wa ndege kutoka ndani. Alikuwa msichana mrefu mwenye kitambaa chekundu shingoni, na ilionekana amekwisha kuona mengi. Basi shujaa, aliyekaribishwa mbele za watu, angerudi vipi? Akaingia.

Safu ya kumi na nne ilikuwa juu ya bawa kabisa. Kiti cha pili alikaa muuza vitambaa, mama mtu mzima aliyelala hata kabla ya kufunga mkanda vizuri. Injini zikanguruma. Kipanga akafumba macho kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, akashika mkono wa kiti, na ndege ikang'oka ardhini kwa ghadhabu, na tumbo la Bwana wa Migongo ya Nyumba likabaki uwanjani.

"Baba," ikasikika sauti iliyojaa usingizi, "mkono huo una mwenyewe."

"Samahani sana, mama. Nilidhani ni kiti."

"Kiti kinavaa pete?" Muuza vitambaa akamtazama, akaona jasho linavyotiririka, akamwonea huruma. "Haya, nakuachia vidole viwili. Vingine nina kazi navyo."

Ni nani atakayeyaeleza mateso ya ile nusu saa? Chai ikaletwa, akaikataa kwa kuogopa kuongeza uzito. Ndege ikainama kushoto, naye akaegemea kulia ili kuisawazisha, akaegemea kwa bidii ya mtu wa zamu, na kwa maoni yake bila yeye tungekuwa tunasimulia mambo mengine leo. Mawingu yakaitikisa, akamtaja Mungu, akamtaja mama yake, akamtaja hata baba mkwe. Wala hakufumbua jicho. Alikuwa akimwona dada yake amekaa kitandani na bendeji, anasikiliza nyayo za watu mlangoni, na hilo tu ndilo lililomzuia asipige kelele.

Hatimaye rubani akatangaza kwamba wanaanza kushuka. Kipanga akapumua. Akajiambia kwamba mwanamume hawezi kuvuka mbingu kisha akaulizwa iko vipi, akasema hakuangalia. Akafumbua jicho moja, nusu.

Ee Mola! Mbele ya jicho lile, ukingo wa nyuma wa bawa ulianza kuachana na bawa lenyewe. Bati zima lilisogea, likateleza nyuma, likainama, na kati yake na bawa ukafunguka mwanya, na ndani ya mwanya ule Kipanga akaona mashamba, na katika mashamba akaona ng'ombe.

Miaka thelathini ya ufundi ikamwinua kitini. Hofu yote ilimwondoka, maana bati likiachia, fundi hana muda wa kuogopa. Akafungua mkanda, akasimama, akapaza sauti iliyozoea kuwafikia vibarua walio chini ya ghorofa nne.

"Bati limeachia! Enyi abiria, msiogope, fundi yupo! Bati la upande wa kulia limeachia, halijatoka lote, limebaki kwenye misumari ya mwisho! Mwambieni rubani asimamishe! Mimi nitatoka, naomba kamba tu na mtu wa kunishikia miguu!"

Mtu mmoja akaanza kusali. Mwingine akaanza kumwomba mkewe msamaha kwa mambo ambayo mkewe hakuyajua. Mhudumu mwenye kitambaa chekundu akaja mbio, akainama, akaangalia dirishani, akashusha pumzi.

"Mzee wangu, halijaachia. Linafunguliwa makusudi. Rubani mwenyewe ndiye analifungua, ili ndege ipunguze mwendo itue taratibu. Upande wa pili nao umefunguliwa hivyo hivyo."

"Makusudi? Mnafungua paa tukiwa juu yake?"

"Kila safari. Likikataa kufunguka, hapo ndipo tungekuwa na shida."

Kipanga akalitazama tena. Safari hii alilitazama kwa macho yote mawili, jinsi fundi anavyoitazama kazi. Bati halikupigapiga. Halikuyumba. Lilishuka hatua kwa hatua, sawasawa, likitii mkono asiouona.

"Nani aliyelifunga?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mafundi wetu."

"Unawajua?"

"Kwa majina simjui hata mmoja. Lakini kabla ya kuruka, waliizunguka ndege na tochi, bawa moja baada ya jingine. Mimi hupanda kila siku, mzee, na nina mtoto nyumbani. Sasa naomba ukae, tunatua."

Hapa, wasikilizaji, hapa! Mnaojua kusimama, simameni. Nyundo iko kwa mke, mkanda wa suruali umevaliwa vibaya, chini kuna ng'ombe, na mbele ya Kipanga kuna kazi ya watu asiowajua, ambayo hataweza kuigonga. Angeweza kuendelea kupiga kelele. Akalitazama lile bati mara ya mwisho. Akasema polepole, "Wamelifunga vizuri. Haya. Ni kazi ya mafundi wenzangu."

Akaketi.

Akafunga mkanda. Akamrudishia muuza vitambaa vidole vyake viwili, akaweka mikono mapajani, mitupu, haijashika kitu, akatazama dirishani mpaka magurudumu yalipogusa ardhi. Abiria wakapiga makofi, wengine kwa ajili ya rubani na wengine kwa sababu yule mzee amenyamaza.

Saa nne kasorobo alikuwa hospitalini, amekaa kwenye kiti mbele ya kitanda, kimya, maana alimwomba muuguzi asimwambie dada yake kwamba amefika. Saa nne na dakika chache muuguzi akaanza kufungua bendeji, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili. Dada akapepesa jicho. Machozi yakamtoka kwa sababu ya mwanga. Kisha akamtazama mtu aliyekaa mbele yake, mwenye mvi kichwa kizima na mikunjo kwenye paji la uso, akashtuka, akajivuta nyuma hadi kwenye mto.

"Baba?" akasema. "Muuguzi, mbona baba yangu marehemu yuko hapa? Mmenipasua jicho au mmeniua?"

"Dada, ni mimi. Mdogo wako."

"Mdogo wangu ana ndevu nyeusi."

"Miaka sita, dada."

"Na umefikaje, daraja limevunjika?"

"Nimekuja kwa ndege."

Dada akafumba jicho, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi kweli nimekufa. Mdogo wangu hapandi ndege."

Kipanga alisogeza kiti, akasogeza kichwa. Dada akanyoosha mkono, akapapasa kama alivyopapasa vitu vyote kwa miaka sita, akalipata sikio la kushoto, akalikamata, akalizungusha kama la mtoto aliyeiba sukari.

"Yalaa! Dada, unaniumiza!"

"Ni yeye," dada akamwambia muuguzi, na hakuliachia lile sikio. Alifumbua jicho tena, akamtazama kwa muda mrefu, mvi, mikunjo, na suti iliyojikunja. "Umezeeka vibaya, mdogo wangu. Sogea karibu zaidi nikuone vizuri."

Na iandikwe, enyi wenye kalamu, na mkiandika msikosee saa: asubuhi ile, saa nne na dakika saba, Kipanga fundi wa mapaa, aliyeketi juu ya kazi ya mafundi asiowajua, alifika, akaonekana.