Nyasi Kavu za Kasri la Hugues

Jumapili, 2 Septemba 2012

Hugues amerudi kutoka Ufaransa. Alikwenda kumtembelea mdogo wake. Leo baada ya ibada alitoa simu, picha zikazunguka mkono kwa mkono hadi chai ikapoa. Hugues mbele ya magofu ya kasri la kale, mashambani huko, la miaka mia nane iliyopita. Hugues chini ya tao la mawe. Hugues ameegemea mnara uliobaki nusu, mkono mfukoni, kama vile yeye ndiye aliyeubomoa. Mke wangu Candide akauliza hao mabwana wa kasri walikuwa wanajisaidia wapi. Hugues alikuwa na jibu! Eti kuna kichumba kinaning'inia nje ya ukuta, kina tundu. Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka kuangalia.

Mimi sikucheka. Koti alilovaa kwenye picha nimelishona mimi, hapahapa mtaani Bertrams. Koti langu limefika Ufaransa, mimi sijafika. Hilo ningeweza kulivumilia. Kisha nikatazama miguuni mwake. Nyasi kavu, rangi ya kahawia. Agosti! Kila mtu anajua kwamba Ulaya mwezi wa Agosti ni joto na kila kitu ni kijani. Nyasi zinazokauka Agosti ni nyasi za hapa Johannesburg, ambako Agosti ni majira ya baridi.

Nilikunywa chai baridi.

Jumatatu, 3 Septemba

Dada yangu Olive kapita kibandani ninaposhonea. Mambo yamekamilika: Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili watu wa Valentin wanakuja kumposa Diane, binti yake. Mimi ndiye mjomba, mimi ndiye msemaji wa upande wetu. Nikauliza msemaji wao nani. Olive akaanza kunisifia kitambaa kilichokuwa mezani. Nikauliza tena. Hugues.

Niandike hapa jinsi mambo yanavyokwenda kwetu Burundi, maana siku hizi watoto waliozaliwa huku hawajui. Kazi ya msemaji wa wenyeji ni kukataa. Wageni wakija unajifanya huwajui. Unauliza kama ni watu wa heshima au wamepotea njia tu. Unawashuku, unawachimba, watu wanashika mbavu. Msemaji wao anajitetea kwa maneno matamu. Mwisho unalainika, vinywaji walivyoleta vinafunguliwa, msichana anaitwa. Ni kazi ya kushuku. Nimezaliwa nayo.

Lakini kwenye posa moja kule Turffontein mwaka juzi Hugues alinishinda. Alisema jambo kuhusu ndama na suruali yangu. Siliandiki. Na sasa anakuja na kasri.

Jumatano, 5 Septemba

Mpango wa kwanza. Nimemwomba Hugues anitumie zile picha. Mwenye hatia angekataa. Hugues kazituma zote papo hapo, na nyingine ambazo sikuziomba. Kumbe ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nimezipeleka kwa Marcellin, yule Mkongo anayepiga picha za vitambulisho pale kona. Nikamwambia aangalie vivuli, aangalie kingo, aniambie kama mtu amebandikwa. Akaangalia. Akasema eish, mtu ni mtu na mawe ni mawe. Nikamwuliza kama ana uhakika mawe hayo ni ya Ufaransa. Akasema foleni ni ndefu, kwani nataka picha ya kitambulisho au sitaki. Watu walikuwa wananitazama. Nikakaa kwenye kiti. Sasa nina picha nne ambazo ndani yake nafanana na mtu anayetafutwa na polisi.

Ijumaa, 7 Septemba

Mpango wa pili, mtego. Nilimwalika Hugues kibandani nimpime koti. Huku namzungushia futi nikamhoji juujuu. Kisima kilikuwa wapi? Uani, kushoto. Ngazi zinazunguka upande gani? Wa kulia, ili adui anayepanda akose nafasi ya kuzungusha upanga. Nani mwenye kiwanja? Mzee mmoja mfuga kondoo, anafungua geti mwenyewe. Kajibu yote bila kusita. Sasa mtu gani anakwenda safari halafu anakumbuka kila kitu? Shemeji yangu alikwenda Durban wiki nzima, anachokumbuka ni chipsi.

Ameongezeka kiuno. Vyakula vya wapi, nitajua.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimelipata gofu! Liko juu ya kilima, huku nyuma yetu, upande wa mashariki. Kuta za mawe zilizovunjika, masalia ya vita vya zamani, na nyasi kavu kote kote. Kuna hata kidirisha chembamba. Nikachutama, nikapiga picha kutoka chini kama alivyopigwa yeye.

Bahati mbaya kilimani kulikuwa na waumini, wale wanaovaa kanzu nyeupe na kusali juu ya miamba. Waliniona nimechutama ukutani peke yangu, wakadhani nina mzigo moyoni. Mama mmoja akanishika kichwa. Nilijaribu kueleza kwa Kizulu changu cha dukani. Wakazidi kunihurumia. Nimeombewa kwa sauti kubwa na kumwagiwa ndoo ya maji, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Imepona picha moja. Robo tatu ni kidole changu, lakini ile robo iliyobaki ni ushahidi.

Nimerudi nyumbani nimelowa, nina furaha.

Jumatano, 12 Septemba

Nimemweleza Candide kila kitu. Amesema joto kali nalo linakausha nyasi, mbona kule bonde la Imbo, Burundi, tulikokulia zilikuwa zinaungua kwa jua. Amesema niache. Amesema pia nina wivu, na kwamba kama nataka kwenda Ufaransa niseme nataka kwenda Ufaransa.

Najiuliza kwa nini anamtetea. Mke wa Hugues ndiye anayemsuka nywele.

Jumapili, 16 Septemba

Diane kaja mwenyewe, peke yake. Hakukaa. Kaniambia mjomba, nakuomba, Jumamosi sema ya mila tu. Baba yake Valentin alifariki, anayemsimamia ni baba yake mdogo, Mzee Firmin, anatoka Durban. Mzee ana hasira za karibu na hakuutaka sana uchumba huu, alikuwa na msichana mwingine wa kwao. Akipata sababu ya kuondoka, ataondoka na Valentin hataweza kumpinga. Macho yake yalikuwa mekundu. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni tulipovuka mpaka kuja nchi hii. Nikamwapia. Ya mila tu.

Bila shaka, kumfichua mwongo hakuna mila inayokukataza.

Jumamosi, 22 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Turubai uani kwa Olive. Watu wamejaa hadi barabarani. Wageni wameingia na makreti yao ya bia, Mzee Firmin kaketi mbele na fimbo. Hugues kasimama, na koti langu. Akasema wametembea mbali kutafuta ua lao, wamepita hata kwenye kasri la miaka mia nane, limeanguka, limebaki mawe, ndipo wakaelewa kwamba nyumba isiyo na binti kama wa hapa haidumu. Makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Akina mama wa upande wetu!

Nikasimama. Nikasema mtu huyu hajafika kasri lolote. Watu wakacheka, maana ndiyo kazi yangu. Nikasema gofu lake liko kilimani pale juu, nimelikuta. Wakacheka zaidi. Nikasema nina picha. Mtu akaanguka na kiti. Sijawahi kuchekesha hivyo maishani, na kila neno lilikuwa la kweli. Hugues mwenyewe alikuwa anafuta machozi. Hilo ndilo lililonichoma. Nikamwendea Mzee Firmin, nikainama, nikamwonyesha kidole changu kwenye simu, nikamwambia polepole kwamba mimi sichezi, mtu aliyemleta kumsemea ni mwongo.

Mzee akaacha kucheka. Akauliza kama nasema ukoo wake umekuja na uongo kwenye nyumba ya watu. Akasimama. Akaamuru makreti yatoke.

Kwetu bia ya wageni ikishatoka getini bila kufunguliwa, hakuna posa. Vijana wakabeba. Valentin kabaki ameduwaa katikati. Nikageuka, nikamwona Diane mlangoni amevaa imvutano, ile nguo ya sherehe, na taji la shanga, alikuwa anasubiri kuitwa. Hakulia. Alinitazama tu. Nimewahi kutazamwa na askari wenye bunduki, haikuwa hivyo.

Hugues akakimbia akaziba geti. Akamwambia Mzee asubiri, hajaelewa, kwetu sisi watu wa mkoa wa Ngozi ndivyo tunavyofanya: msemaji wa wenyeji lazima awafukuze wageni hadi getini kabisa, ionekane kama wanampenda msichana kiasi cha kurudi. Ni mila ya kale, inaanza kusahaulika. Nimezaliwa Ngozi. Hakuna mila kama hiyo.

Mzee akanigeukia, akataka kuisikia kwangu. Niseme nini? Kwamba Hugues ni mwongo, nilikuwa nimeshasema, na sasa hivi ushahidi ulikuwa umesimama getini mbele ya watu wote. Nikamtazama Diane. Nikasema ndiyo, Mzee, kwetu ndivyo ilivyo, na nimefurahi kuona mna moyo wa kurudi.

Makreti yakarudi. Mzee kanikumbatia, anasema Durban hakuna wasemaji, ni wababaishaji. Diane akaitwa. Akapita mbele yangu akaenda kumsalimu Hugues kwanza, kisha mimi. Ni haki yake. Usiku huu nimelia kidogo, sijui kwa nini, labda ni bia.

Jumapili, 23 Septemba

Kanisani kila mtu ananishika mkono. Familia moja ya Rosettenville inataka niwasemee mwezi ujao, na wanasisitiza niwafukuze wageni hadi getini, kama inavyofanyika Ngozi. Nimekubali. Nimewaambia tunatumia na kengele.

Diane amepiga simu kushukuru. Sauti yake ilikuwa nyepesi, nimefurahi sana, nakiri.

Lakini nimewaza tangu alfajiri. Mtu anayeweza kutunga mila nzima ya kale amesimama getini, makreti hewani, bila hata kukohoa, atashindwa kutunga kasri? Jana amejifichua mwenyewe na hakuna aliyeona ila mimi.

Na mchana huu kaniandikia ujumbe. Anauliza hilo gofu la kilimani liko wapi hasa, angependa kuwapeleka watoto wake. Anauliza njia ya mahali alipokwisha kupiga picha! Nia yake ni kwenda kufuta alama. Nimemjibu liko Turffontein, nyuma kabisa ya uwanja wa mbio za farasi. Wakati anazunguka huko na watoto, mimi nitapanda kilimani na simu kavu.

Candide anauliza kama nimeshamshukuru Hugues kwa jana. Nimemwambia nitamshukuru nikishajua ni mtu wa namna gani.