Ombi la Kutangaza Sebule Yangu Kuwa Ardhi ya Reli

Shella, Malindi
9 Septemba 1912

Kwa Mheshimiwa Liwali wa Malindi,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa goti la kushoto, ambalo habari zake zitafuata hapo chini.

Jina langu ni Bhikhubhai, mwenye duka la nguo hapa Shella, mzaliwa wa mji huu. Mwaka jana nilikwenda Mombasa, nikapanda gari la moshi hadi Mariakani na kurudi siku ile ile, bila shughuli yoyote. Tangu hapo moyo wangu haukutulia. Shemeji yangu wa Bombay aliposikia, alinitumia gari la moshi dogo la bati: injini ya kukazwa kwa ufunguo kama saa, mabehewa matatu, na vipande vya reli sanduku zima. Nikaazimia kujenga njia kamili ndani ya sebule yangu, yenye stesheni, daraja na mlima. Kazi nimeianza miezi miwili iliyopita. Mheshimiwa, Malindi haina reli. Nilitarajia watu wafurahi. Badala yake nimepingwa na nyumba nzima, na malalamiko yangu ni haya:

1. Meza. Seremala wangu, Fundi Kombe, aliniuliza, "Bwana, meza kubwa hivi itatokaje mlangoni?" Nikamjibu kwamba reli haitoki, reli hukaa. Basi akaijenga humo humo, ukuta hadi ukuta, na katikati akakata tundu nipate kusimama. Ni kweli kwamba imeziba njia ya jikoni. Ni kweli kwamba anayetaka chai hana budi kutambaa chini yake. Mimi mwenyewe hutambaa, na ndiyo sababu ya goti. Lakini mama mkwe wangu, Bi Labhuben, ambaye tunaishi naye, amekataa katakata. Yeye hutokea dukani, akazunguka nyumba nzima, akaingia jikoni kwa mlango wa uani. Akirudi na sufuria ya dengu huwaambia wateja wangu, "Msishangae. Mkwe wangu amejenga Mombasa nyumbani, nami sina ruhusa ya kupita." Kuna mteja alicheka hadi akasahau alichokuja kununua.

2. Kisukumio cha chapati. Nilikiazima jikoni ili kushindilia kokoto za njia. Mke wangu Gomti alikitafuta siku tatu, akakikuta kimeganda chokaa. Kwa kutaka suluhu nikamwambia daraja litaitwa Daraja la Gomti. Akalitazama kwa makini, akauliza limejengwa kwa kitu gani. Nilikuwa nimelijenga kwa kibao cha chapati.

3. Nyevu, mwanamke anayetuletea maziwa kutoka bara. Alichungulia dirishani, nikamwonyesha stesheni yangu ya Mariakani chini ya mlima wake. Akasema, "Dada yangu ameolewa Mariakani. Hakuna mlima pale." Nikamweleza kwa upole kwamba mlima uko pale chokaa ilipobaki. "Basi umemwekea dada yangu mlima mlangoni," akasema, na tangu siku hiyo maziwa yetu huyaacha kwa jirani.

4. Fundi Kombe tena. Alinishauri, "Lijaribu gari kwanza, bwana, ndipo umwage chokaa." Mtu ambaye hajapanda gari la moshi hata siku moja ananifundisha mimi, niliyefika Mariakani na kurudi! Nikamwaga. Mlima ukakauka vizuri sana. Nikakaza ufunguo, injini ikaenda hatua mbili, ikafika kwenye kona ya mlima, ikaanguka ubavu. Imekuwa ikianguka pale pale kila siku. Kombe hakusema neno. Huo ukimya wake, Mheshimiwa, ndio ninaoushtaki.

5. Ratiba. Niliibandika ukutani kwa mwandiko mzuri: kuondoka saa mbili kamili asubuhi, kufika Mariakani saa mbili na dakika moja. Kila asubuhi Bi Labhuben huketi mbele ya meza, amepakata furushi la nguo zake, na ikifika saa mbili na nusu huuliza, "Bado?" Juma lililopita nilishindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti ambayo sasa naijutia kwamba katika nyumba hii hakuna aitakaye reli yangu, na asiyeitaka ashuke. Mama mkwe akainuka, akaenda kwa mwanawe wa kiume, mtaa wa pili. Gomti akamfuata. Mlangoni akaniambia, "Gari lako likipona, tuletee habari." Leo ni siku ya nne. Natambaa mpaka jikoni, nikifika sikuti mtu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, sebule yangu itangazwe kuwa ardhi ya reli, na jikoni pahesabiwe kuwa ng'ambo.

Pili, askari mmoja awekwe chini ya meza, kuwaelekeza watu.

Tatu, mke wangu na mama yake waamriwe kurudi, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya kazi, kwani stesheni isiyo na abiria ni kibanda tu.

Nne, Serikali ijenge mlima kule Mariakani. Nimepiga hesabu, itakuwa rahisi kuliko mimi kuubomoa wangu.

Nisalimie ndugu zako, makarani wako, na askari yule atakayechaguliwa.

Ni mimi nitakayekungojea jibu nikiwa nimesimama tunduni,
Bhikhubhai
Meneja

Nyongeza, saa kumi alasiri: Mheshimiwa, tafadhali usisome hayo ya juu. Barua nimeiandikia dukani, na nilipokuwa nikitafuta lakiri ya kuifunga nikasikia vishindo sebuleni. Gomti alikuwa ameingia kwa mlango wa uani pamoja na Kombe, wanauvunja mlima kwa patasi. Bi Labhuben ameshika taa, anawaonyesha reli iliyopinda chini ya chokaa. Kumbe siku zote nne walikuwa wakishauriana. "Ulidhani nakaa pale kila asubuhi kukucheka?" mama mkwe akaniuliza. "Nilitaka kusafiri." Wakanyoosha reli, Bi Labhuben akakaza ufunguo, na gari likazunguka meza nzima bila kuanguka, nami nikatokwa na machozi mbele ya seremala.

Nayafuta malalamiko yote. Nabakiza ombi moja: uwaamuru wanipe ufunguo. Tangu adhuhuri wanapokezana wao kwa wao, na kila nikinyoosha mkono naambiwa nikae, foleni ni ndefu.