Kifua Inchi Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Kifua kizito tena. Kama mtu kakikalia. Gesi hii, hapana shaka! Shemeji yangu muuguzi anadai ni huzuni, ati tangu binti yangu aolewe na kuhamia mbali mimi si yule. Huzuni! Nimeshona nguo miaka ishirini na tano, sijaona huzuni ikipimika kwa futi. Gesi ikijaa, kifua hufura. Nimejipima: inchi arobaini na moja. Nitapima kila siku, niandike, shemeji ameze maneno yake.

Jumatano, 5 Juni
Tangawizi. Maji moto. Vidonge vya kiungulia. Nimecheua mara sita, uzito uko palepale. Inchi arobaini na moja. Gesi yenye adabu, imejibana. Suruali ya mwalimu mkuu nimeikata miguu miwili ya kushoto. Kaniuliza kwa upole kama nimewahi kumwona akitembea kama kaa. Mke wangu kaufungia mkasi kabatini. Hautoki mpaka nimwone mshauri wa zahanati.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda. Mpango: nipewe dawa kali ya gesi, nirudishiwe mkasi wangu. Mshauri, mama mpole, kaniuliza ni siku zipi kifua huwa chepesi. Nikafungua daftari kwa madaha. Jumanne na Alhamisi. Siku hizo kuna nini? Hakuna, nikamwambia, binti hupiga simu tu. Akanitazama. Nikamtazama. Tukagundua kwa pamoja! Simu inavuta gesi. Kaniomba nirudi tuzungumze zaidi juu ya binti. Mama mdadisi sana.

Jumamosi, 8 Juni
Mkasi umerudi! Nimejishonea shati lenye mfuko katikati ya kifua, simu ndani. Kimya. Shemeji kacheka mpaka kaketi chini: “Shemeji, simu isiyoita ni tofali!” Kweli. Nikamwomba anipigie. Kapiga mara nne. Uzito ukazidi. Sauti yake yenyewe ina gesi.

Jumapili, 9 Juni
Binti kaja! Kaketi kwenye cherehani yake ya zamani, kashona vifungo, kanitania kuhusu mwalimu kaa. Kifua chepesi kama pamba. Nikapima: arobaini na moja. Shemeji akaninong'oneza, sasa umeelewa, shemeji? Nimeelewa vizuri sana. Binti anatembea na simu mbili.

Jumatatu, 10 Juni
Binti kaondoka asubuhi. Kifua kizito kuliko siku zote. Nashona mfuko wa pili.