Mtafsiri Rasmi wa Kinyozi Mkuu

Jumapili, 1 Februari

Baridi ya kuua. Theluji ya wiki iliyopita imegeuka jiwe kwenye maegesho na gari letu limezama hadi nusu ya tairi. Lakini moyo wangu una joto. Nimepata njia!

Niandike kwa utaratibu. Kwa miaka minane mimi, Anatoli, nilikuwa mshereheshaji wa kila harusi, kipaimara na mahafali ya Watanzania wa huku ughaibuni, kuanzia hapa Laurel mpaka Rockville. Mwaka jana akatokea Kiprotich, nesi wa Kikenya mwenye suti inayometameta na spika zake mwenyewe. Watu wakanisahau. Kipya kinyemi ingawa kidonda! Tangu Juni sijashika maiki. Siku za kazi nasukuma matoroli ya mashuka kwenye hoteli, na wa kunisikiliza ni mashine za kufulia tu. Naumia, sitajidanganya humu.

Sasa Bupe anaolewa baada ya Pasaka. Wageni mia tatu. Mama yake, Mama Bupe, ndiye mwenyekiti wa Umoja wetu, na leo baada ya ibada ametangaza kwamba wiki ijayo atachagua mshereheshaji. Kisha akatangaza jambo la pili: Jumamosi mchana Umoja utaonyesha sinema ya Kihindi kwenye ukumbi wa kanisa Takoma Park. Kinyozi Mkuu, sehemu ya pili. Vichekesho vya siasa za dunia. Wazee wakanung'unika kwamba yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini hawayawezi, yanakimbia.

Nikasimama. Nikasema nitatafsiri mimi, papo kwa papo, kwa maiki, kama enzi zile za mabanda ya video. Nikawakumbusha kwamba nimezaliwa Tabora, nyumba ya pili kutoka duka la Mhindi, na Kihindi nakisikia kama Kinyamwezi.

Makofi! Mke wangu Flaviana hakupiga. Ndani ya gari akaniuliza Kihindi nimekijulia wapi, maana miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kukisikia. Nikamjibu kuwa mume mnyenyekevu hasemi kila anachokijua.

Kwa kumbukumbu za shajara: najua maneno manne. Mawili ni vyakula.

Jumatatu, 2 Februari

Mpango umekamilika. Sinema nimeshaipata kwenye simu, ina maandishi ya Kiingereza. Nitaitazama kila siku mpaka Jumamosi, nitaandika kila kitu kwenye daftari, na siku yenyewe nitasoma kama vile natafsiri. Nani atajua?

Kikwazo kimoja: maandishi yakiwa pia ukutani, watu watayasoma na mimi nitakuwa kama redio pembeni ya televisheni. Nikampigia Mama Bupe. Nikamwambia kitaalamu kwamba maandishi yanaua ladha, yazimwe. Akakubali. Amesema mambo ya kitaalamu ananiachia mimi. Ananiachia mimi!

Kikwazo cha pili: projekta ni ya Kiprotich. Nimempigia kwa upole wa mtu mzima. Akasema hakuna shida, mzee, nita-set laptop mapema, wewe handle mambo yako tu. Halafu akauliza kama kweli nakijua hicho Kihindi ama nawapiga watu mchezo. Nikamjibu kwa Kihindi. Nilimtajia chakula, lakini kwa ukali, na akaaga haraka.

Jumatano, 4 Februari

Nimeshaitazama mara tatu. Sinema kali! Kinyozi maskini wa mji mdogo anasukumwa kwenye ubunge kimakosa, anawanyoa mawaziri wote, wanamwambia siri zao wakiwa na povu usoni. Steringi, huyo kinyozi, ana sharubu kubwa. Adui ni waziri wa barabara. Mwishoni mama yake steringi anafariki na yeye analia dakika saba bila kupumzika. Siasa za dunia sijaziona sana, lakini nadhani dunia ni ile ya kwao.

Daftari limefika ukurasa wa thelathini. Kila mtu nimempa sauti yake. Waziri anaongea puani. Mama anaongea Kinyamwezi kidogo, kwa heshima ya nyumbani.

Leo nilikuwa chumba cha mashuka nikifanya mazoezi ya kile kilio. Msimamizi wetu, Mwaura, akafungua mlango akanikuta nimepiga magoti mbele ya toroli, namlilia mama. Akavua kofia. Akanipa pole, akasema msiba ni msiba, niende nyumbani, ata-cover yeye. Nilitaka kumweleza. Kisha nikafikiria daftari. Nikaenda nyumbani.

Flaviana kasikia habari hiyo akasema njia ya mwongo ni fupi. Mama yangu mwenyewe yuko hai Tabora na jana tu alinitumia picha ya kuku wake. Sasa kosa langu ni lipi? Sikusema mama wa nani.

Ijumaa, 6 Februari

Hatari! Mama Bupe amemwalika Bwana Jivraj. Huyu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tabora kweli kweli, ana duka la vitambaa kwenye barabara ya Rockville Pike. Kiswahili chake kinanishinda mimi. Kihindi ndiyo kabisa.

Mchana nikapanda basi mpaka dukani kwake nimpime kwanza. Kosa kubwa. Alifurahi mno kusikia kuna kijana wa Tabora anayekijua Kihindi. (Nina miaka arobaini na nane. Ujana huo niliupokea.) Akanishika mikono yote miwili akaanza kuongea Kihindi, dakika nzima, macho yanang'aa. Nikatingisha kichwa. Alipomaliza nikacheka kwa nguvu na kumpiga begani, maana wazee hupenda kuchekewa.

Akaniachia mikono. Binti wa dukani akanisindikiza mlangoni na kuninong'oneza kwamba mzee alikuwa ananisimulia kifo cha kaka yake.

Nimejifariji. Kwanza, sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Pili, nitamweka kiti cha nyuma kabisa karibu na hita, na penye joto wazee husinzia. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Jumamosi, 7 Februari

Lazima niandike.

Ukumbi ulijaa. Watu wamekuja na mabakuli ya pilau, watoto wanatambaa chini ya viti, Bwana Jivraj yuko nyuma karibu na hita, kwenye kiti nilichomfutia mwenyewe. Mama Bupe mstari wa mbele, kitenge kipya, mkoba juu ya magoti. Kiprotich kwenye laptop, ametulia kupita kiasi. Mimi na maiki. Miezi minane! Nikapuliza, puu, na sauti yangu ikaenda hadi jikoni ikarudi. Nilitaka kulia kwa raha.

Picha ikaanza. Steringi hana sharubu.

Nikatazama daftari. Nikatazama ukuta. Mji si ule, ni maghorofa na bendera. Hakuna waziri wa barabara. Kuna ukumbi mkubwa wa duara na marais kama arobaini, na kila mmoja anagombea kiti. Hapo ndipo nikaelewa. Simu yangu imepasuka kioo kwenye kona. Chini ya ule ufa, penye namba, palikuwa na moja. Wiki nzima nimekariri sehemu ya kwanza!

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikafunga daftari.

Ukutani marais wanasukumana, midomo inakwenda, watu mia moja wananisubiri mimi. Wanasema nini marais wakiwa kikaoni? Mimi nitajuaje? Kikao pekee ninachokijua duniani ni kile cha Umoja. Basi rais mnene mwenye wigi akanyoosha kidole, nikasema, kwa sauti ya puani, kwamba hoja yake ya mwaka jana kuhusu jenereta haijajibiwa. Ukumbi ukacheka. Jenerali mmoja akapiga meza, nikasema anadai sufuria zake kubwa zilizoazimwa kwenye mazishi hazijarudi. Wakacheka zaidi. Nchi mbili zikatoa ramani kugombea kisiwa, nikasema wanagombea nani apike na nani aoshe vyombo. Mwanamke mmoja alilazimika kutoka nje kushika mbavu.

Kisha akaingia malkia wa nchi ya mafuta. Mkubwa, ana kengele ya dhahabu. Akaipiga, wote wakakaa. Ulimi wangu ukanitangulia. Nikasema: "Hakuna atakayegusa chakula kabla ya kusaini daftari la mahudhurio!"

Ukumbi ulipasuka. Watu waligonga viti. Kila mtu anaijua sentensi hiyo, tunaisikia kwa mwenyekiti wetu kila mwezi. Nikamtazama Mama Bupe, nikijua nimekwisha. Anacheka kuliko wote! Anafuta machozi na ncha ya kitenge, anamwambia jirani yake kwamba wanawake wa namna hii wapo, yeye amewaona.

Nikapata wazimu wa furaha. Kila malkia alipofungua mdomo nilimpa ya Mama Bupe. Kwamba waliochelewa wakae nyuma na wasijitetee. Kwamba yeye hakuomba uenyekiti, aliombwa. Kwamba atajiuzulu leo hii, na halafu hajiuzulu. Watu wanalia kwa kucheka. Namwona Kiprotich naye ameinamia laptop, mabega yanaruka. Nikajua maiki ya harusi ni yangu.

Ningeishia hapo! Lakini kinyozi akasimama mbele ya marais, akaanza hotuba ndefu, na machozi yakamtoka. Machozi nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Nikapiga magoti, nikamlilia mama yake, marehemu, kwa Kinyamwezi na Kiswahili, dakika tatu. Kina mama wakatoa leso.

Kwenye picha mlango ukafunguka na mama yake, yule yule niliyemwona akifa sehemu ya kwanza, akaingia, kumbe mzima, anacheza ngoma, ana wacheza shoo hamsini nyuma yake.

Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza, didn't she die? Nikasema ni mzimu. Mzimu ukambusu rais mwenye wigi.

Mama Bupe akageuka, akamwomba Bwana Jivraj, kwa heshima zote, atusaidie hapo kidogo. Mzee hakuwa amesinzia. Alisimama polepole akasema Kiswahili safi cha Tabora: "Mama, kijana huyu amenichekesha sana leo. Lakini tangu tuanze hajapatia hata neno moja."

Kiprotich, kwa moyo mwema au mbaya, Mungu ndiye anajua, akasema ngoja basi tu-confirm. Akarudisha picha nyuma na kuwasha maandishi. Ikarudi mpaka kwa malkia. Akapiga kengele. Chini yake yakapita maneno ya Kiingereza, polepole, hata wazee waliyawahi: "Karibuni, marafiki. Tafadhali, kaeni."

Basi. Ni hayo tu aliyosema yule malkia.

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mama Bupe akiyasoma, midomo inatembea. Akayasoma tena. Kisha akatazama watu nyuma yake, mmoja mmoja, wale waliokuwa wanagonga viti, na kila mmoja akaangalia pilau yake. Mwisho akanitazama mimi. Si kwa hasira. Ningependa hasira. Alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wageni. Akachukua mkoba wake akatoka kwenye theluji bila koti, na Bupe akamkimbilia nalo.

Jumapili, 8 Februari

Sikwenda ibadani. Flaviana alikwenda. Amerudi akasema Mama Bupe amesoma matangazo kwa sauti ndogo na hakudai mahudhurio. Watu walisaini wenyewe, bila kuambiwa, hata watoto.

Nimejisikia vibaya, kweli. Mama huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege mwaka ule nilipofika huku, akanipa koti la marehemu mumewe. Flaviana akasema niende nikaombe radhi. Tukaenda wote wawili.

Mama Bupe alinifungulia, akanipa chai. Nikaomba radhi. Akaniuliza swali moja: ndivyo anavyoongea yeye? Nikasema ndiyo, Mama, lakini ndivyo kazi za Umoja zinavyokwenda. Akakoroga chai yake. Halafu akacheka kidogo, kwa pua, akasema ile ya kujiuzulu niliipatia. Amenisamehe. Nilitaka kuuliza kuhusu maiki lakini Flaviana alikuwa amenikanyaga mguu.

Jumanne, 10 Februari

Mama Bupe amepiga simu. Msamaha ni msamaha, amesema, na harusi ni harusi. Mshereheshaji ni Kiprotich.

Sikuweza kula. Nilikwenda kazini nikasukuma mashuka. Mwaura akaniuliza kama tayari tumezika.

Alhamisi, 12 Februari

Mungu hamtupi mja wake!

Leo wakati wa mapumziko nimepigiwa na mtu nisiyemjua, Papa Dieumerci, Mkongomani, baba mdogo wa bwana harusi wa Bupe. Akaniita mukubwa. Akasema famille yao inakuja kutoka Kinshasa, bibi na babu na wajomba tisa, na hawasikii Kiswahili hata kidogo, ni Kifaransa tu. Wanatafuta mtu wa kusimama pembeni ya Kiprotich awatafsirie harusi nzima. Kwa maiki. Maiki yake mwenyewe! Na aliyempa namba yangu, amesema, ni Kiprotich. Alimwambia kuna mzee huku Laurel, akitafsiri watu hawatasahau. Hata adui amesalimu amri!

Akauliza kama Kifaransa nakijua. Nikamwambia Tabora treni inakwenda moja kwa moja mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma Kongo unaiona kwa macho.

Flaviana amesikia yote kutoka jikoni. Amekuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniuliza kama kweli sijajifunza kitu. Nimemwambia nimejifunza sana. Kihindi nilijipa siku sita tu, na hapo ndipo nilipokosea. Harusi ni Aprili. Nina miezi miwili mizima.