Balozi wa Kicukiro na Sultani wa Ndera

Jumanne, 6 Mei

Nimemaliza kile kitabu cha historia ya Unguja leo ofisini Kiyovu, nimekificha chini ya meza, bosi anadhani napanga mafaili. Ajabu tupu! Balozi mmoja wa Kiingereza, kofia moja, kalamu moja. Anafika Unguja, anamkuta Sultani Mwarabu ameketi kitini kwake. Anamng'oa? Thubutu! Anamwambia keti, tena keti vizuri. Bendera yako nyekundu ibaki. Mizinga yako ya heshima ipigwe. Wewe tawala, mimi nitakushauri tu, ila ushauri wangu sharti ufuatwe. Basi! Kufumba na kufumbua, forodha, askari, barua, vyote viko mezani kwa Balozi, na Sultani bado anapungia watu mkono.

Nimemvulia kofia mtu yule. Winifred, mke wangu, amesema huo ni wizi wenye adabu. Wanawake hawaelewi siasa.

Sasa mambo yetu. Jumuiya ya Wapenzi wa Kiswahili hapa Kicukiro imealikwa kwenye kongamano Unguja mwisho wa mwezi. Nafasi mbili: kiongozi, na mtu mmoja atakayechaguliwa na kiongozi. Ndege wanalipa wenyeji. Kiongozi wetu ni Mama Pudentienne, miaka sabini na mmoja, alikulia Bujumbura, mwaka wa sita huu yuko kitini. Mimi ni katibu tu.

Na nilipokuwa namchumbia Winifred kule Tabora, sisi sote watoto wa wakimbizi, nilimwahidi kumwonyesha bahari kabla mwaka haujaisha. Ni miaka ishirini na sita sasa. Leo nilipomsomea ule mwaliko alinitazama tu, akaenda kuepua chai. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo mimi ndiye nitakayekwenda, na nitamchukua yeye. Kumpindua bibi kizee siwezi, watu watanila nyama. Nitamfanyia kama Balozi alivyomfanyia Sultani.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Ndera anakoishi Mama Pudentienne. Motari, yule dereva wa pikipiki, akaniuliza kama naenda kwenye hospitali ya vichaa kumwona mgonjwa au naenda kulazwa. Mjinga.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Nikamweleza kwa upole kwamba amechoka. Akakubali kuwa amechoka. Nikamweleza kwamba anastahili heshima kubwa zaidi na kazi ndogo zaidi. Akakubali hilo pia, haraka kidogo. Nikatoa karatasi yangu: yeye abaki Kiongozi, akae kiti cha mbele, kila barua itoke kwa jina lake na sahihi yake. Mimi niwe Mshauri Mkuu, na ushauri wangu ufuatwe.

Akauliza nani atafungua ukumbi. Nikasema mimi. Nani atapanga viti? Mimi. Nani atagombana na mlinzi kuhusu choo? Nikasema mama, mambo madogo hayo, niachie. Nani atakuwa mkuu wa kundi la WhatsApp? Hapo moyo ulinidunda. Mimi! Akamshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akachungulia. Akatia sahihi kabla sijafika kifungu cha tatu, akanilisha ndizi na maharage, akanifungia na mengine nipeleke kwa Winifred.

Njiani nilimwonea huruma. Himaya nzima imekwenda kwa sahani moja ya ndizi! Masikini hajui alichotia sahihi.

Jumapili, 11 Mei

Siku kuu! Mkataba umesomwa mbele ya wanachama arobaini. Daphrose, katibu msaidizi, naye wa Bujumbura, aliuliza kipi hasa kinachobadilika. Nikasema hakuna kinachobadilika, mambo yanaboreshwa. Akauliza kama hilo limeandikwa kwenye mkataba kwa Kiswahili cha Tabora au cha watu. Watu wakacheka. Nimeliweka moyoni.

Sultani wa Unguja alipigiwa mizinga. Sisi hatuna mizinga, nikaamuru kila Kiongozi anapoingia watu wasimame na kupiga makofi ishirini na moja. Nikahesabu mwenyewe. Basi Mama Pudentienne akaingia. Amevaa mushanana ya bluu iliyokolea, vazi letu la sherehe, kichwa juu, anatembea kama hana haraka na dunia. Makofi yalipofika kumi na tano nilisikia mwili unanisisimka. Alipoketi, ukumbi wote uliketi naye. Yampayinka! Huyu mtu amezaliwa kuwa Sultani. Nimejivunia kama nimemtengeneza mimi.

Baada ya mkutano nikakabidhiwa funguo tatu, muhuri, na daftari la mahudhurio. Utawala! Kisha mlinzi akaja kusema choo kimeziba. Mama Pudentienne akanionyesha kwa kiganja, kwa heshima zote, kwamba Mshauri Mkuu yule pale.

Nimefika nyumbani saa mbili usiku. Winifred amenitenga na meza mpaka nioge.

Jumatano, 14 Mei

Ujumbe sitini na tatu kabla ya chai. Nani ana wimbo wa kufungulia mkutano. Nani amekaa na mwavuli wa nani. Mmoja kanitumia picha ya kiti kilichovunjika mguu, bila neno lolote. Mwingine anataka nimsuluhishe na mumewe kwa kuwa ndoa yao ilianzia kwenye jumuiya. Bosi ameniuliza kama nimefungua ofisi nyingine ndani ya ofisi yake.

Nahitaji barua ndogo tu ya kuomba ukumbi wa Jumamosi. Nimeandika mimi, nimegonga muhuri mimi. Lakini sahihi ni ya Kiongozi! Kifungu cha pili, nilikiandika mwenyewe. Simu nimempigia, kasema Sultani haendi kwa Balozi, ni Balozi anayekwenda kwa Sultani, si ndivyo nilivyowafundisha Jumapili? Ndivyo. Kumbe alikuwa anasikiliza!

Kwa hiyo Ndera tena. Mvua ilinikuta njiani, nimefika nimelowa hadi soksi. Yeye yuko barazani, shali mabegani, chai ya maziwa mkononi, amani tele. Alitia sahihi polepole, herufi moja moja, nzuri mno. Akaniambia nimepungua. Akasema yeye siku hizi analala saa tatu na anaamka na ndege. Ngozi yake inang'aa.

Lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: namwonea wivu kidogo. Lakini ni namna anavyobeba heshima. Haulizi, hanung'uniki, hagusi kitu. Masultani wa kweli walikuwa hivyo bila shaka. Nimechukua ndizi za Winifred nikarudi.

Jumamosi, 17 Mei

Leo ndiyo siku ya barua ya Unguja. Wenyeji wanataka majina na maelezo ya uongozi wetu.

Winifred alishauri niandike tu: mimi ni Kamanzi, nakuja na mke wangu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Hiyo si diplomasia! Balozi hasemi nataka. Balozi anaeleza mambo yalivyo, na mambo yenyewe yanasema. Wageni wakiona nani anaendesha kila kitu, watamwita nani? Yeye. Watataka kumwona. Winifred akasema haya Baba Kenny, akachukua kitambaa akaendelea kupiga pasi. Alikuwa anapiga pasi kitenge chake cha manjano, kile cha safari, ambacho hajawahi kusafiri nacho. Nimejifanya sioni.

Nimeandika kurasa mbili. Ya kwanza ni sifa za Kiongozi, ili asiwepo wa kunishuku: hekima yake, Kiswahili chake, jinsi watu wanavyosimama anapoingia. Nimejikuta naandika kwa moyo, hata sikuhitaji kuongeza chumvi. Ya pili ni mimi. Nimesema Mshauri Mkuu ndiye mkono na mguu wa jumuiya. Kwamba asipokuwepo ukumbi haufunguliwi. Kwamba hata siku moja hawezi kukosekana, maana kila kitu kitasimama. Kazi safi! Nimeisoma mara nne, kila mara nimejipenda zaidi.

Mama Pudentienne alivaa miwani, akaisoma yote, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Ukurasa wa pili aliurudia. Akauliza kama yote ni kweli. Nikasema kila neno. Akasema basi iende hivyohivyo, haki ya mtu isipunguzwe. Akatia sahihi.

Ijumaa, 23 Mei

Ayiwe! Ayiwe mimi!

Jibu limefika. Daphrose ameliona kwanza kwenye barua pepe ya jumuiya, akalisoma kwa sauti kwenye kundi, kwa kurekodi, kwa ile sauti yake ya misa. Wenyeji wamefurahi mno na sifa za Kiongozi wetu, atapewa kiti cha mbele na atafungua kongamano. Kuhusu Mshauri Mkuu, wamesikitika. Walitamani sana kumwona. Lakini kwa kuwa tumewaeleza kwamba hata siku moja hawezi kukosekana, wao hawako tayari kuisimamisha jumuiya yetu. Wamemtumia salamu za pekee na wamemtakia kazi njema.

Nikasema bado. Ipo nafasi ya pili! Kiongozi atachagua, na ushauri wangu sharti ufuatwe. Nimemwambia bosi ninaumwa, nikapanda pikipiki mpaka Ndera.

Sasa, mtu aliyelelewa vizuri hawezi kukaa mbele ya mukecuru, bibi kizee wa watu, akasema nichague mimi. Haiwezekani. Mama yangu angefufuka. Nikazunguka inavyotakiwa. Nikasema, Mama, ushauri wangu rasmi ni huu: mwenzako wa safari atoke nyumbani kwangu. Awe amekulia Tabora, ajue Kiswahili cha bara. Awe mtulivu safarini. Awe mtu aliyesubiri bahari miaka mingi bila kulalamika. Hapo nikainamisha macho, nikasubiri.

Akasema ushauri wangu ni mzuri kuliko yote niliyowahi kumpa na ataufuata neno kwa neno, maana mkataba ni mkataba. Akachukua simu, akampigia Winifred.

Nilisikia Winifred analia upande wa pili. Ushauri nilioutoa ni wangu, na kila neno lilimfaa yeye kuliko mimi. Hata huo utulivu.

Nilipoaga nilimwangalia yule mama usoni. Nilitafuta hila, sikuiona. Aliniuliza tu kama nimekula. Ama hajui alichofanya, ama ni mkubwa kuliko Balozi yeyote aliyewahi kuvaa kofia. Nimeamua ni la pili. Ametoa funguo, ametoa muhuri, ametoa kundi, ametoa choo. Kilichobaki kwake ni jina na sahihi, na hivyo ndivyo vinavyopanda ndege! Kitabu hakikuniambia hilo. Nilirudi nimekasirika, nikafika nyumbani nikiwa namheshimu vibaya sana.

Alhamisi, 29 Mei

Nimewasindikiza uwanja wa ndege. Sanduku la Mama Pudentienne nimebeba mimi, la Winifred nimebeba mimi. Daphrose alikuja na wanachama kumi, wakapiga makofi ishirini na moja pale mlangoni hadi askari akasogea kuuliza kuna nini. Nani aeleze? Mshauri Mkuu.

Winifred alikuwa katika kitenge cha manjano. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Akasema, Baba Kenny, ahadi umetimiza. Nikajibu kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Akaniangalia, akacheka, akaingia.

Ukweli ni kwamba nilikaa kwenye gari la kuazima dakika ishirini bila kuwasha injini.

Jumamosi, 31 Mei

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumechimba mtaro nyuma ya soko tangu saa mbili asubuhi. Saa tatu simu ikaita mfukoni: picha. Winifred amesimama baharini, maji yamefika kwenye vigimbi vya miguu, kitenge amekikusanya kwa mkono mmoja. Nyuma yake Mama Pudentienne ameketi kwenye kiti chini ya mwavuli, watu wanne wamesimama wakimsikiliza. Winifred ameandika kwamba bahari iko kama nilivyomsimulia, ila ina kelele zaidi. Na kwamba angependa ningekuwepo.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro na koleo langu. Machozi yalinitoka, si mengi. Nimemwambia jirani ni vumbi, ingawa ilinyesha usiku kucha. Alivyo mzuri kwenye picha ile! Miaka ishirini na sita nimeshindwa, na bibi kizee wa Ndera amemfikisha kwa sahihi moja. Nasema hapa wazi: sijawahi kuona utawala kama ule. Nimejifunza. Kamanzi hatashauri mtu tena maishani.

Baada ya kazi tulifanya mkutano kama kawaida. Habumugisha, mkuu wa umudugudu wetu, yaani mtaa, aliongea kwa unyonge. Amechoka, watu wanamlaumu kwa kila kitu, anafikiria kuachia. Nilikuwa naondoka kwenda kunawa. Kweli nilikuwa naondoka. Lakini ghafla niliona kosa langu lilikuwa wapi, wazi kabisa: nilichagua Sultani mwenye akili! Sultani anatakiwa awe mtu wa kawaida, aliyechoka, asiyesoma barua.

Nimemvuta Habumugisha pembeni. Nimemwambia abaki kitini, asiachie, heshima yake iongezwe. Mimi nitasaidia kwa ushauri tu. Amenikumbatia mbele ya watu. Naanza Jumatatu: kuna ugomvi wa mpaka, mbwa wawili wanaobweka, na huu mtaro, ambao kumbe tumeuchimba upande usio wake.