Naomba Ukulele Zangu Zitozwe Ushuru

Osea Mwashitete,
Karakana ya Vitanda, Makabati na Ukulele,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Mlowo, Mbozi.

Kwa Bi. Jenista,
Afisa wa Mizigo ya Mkononi,
Mpakani, Tunduma.

YAH: KUNYIMWA USHURU BILA SABABU YA MSINGI

Ndugu Afisa,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima, na mihuri yako nayo ni mizima, hasa ule mkubwa wa wino wa bluu uliokataa kunigusa. Mimi ni yule mzee mwenye gunia uliyemwambia, "Baba, huna deni na mtu, nenda nyumbani." Nimekwenda. Nimefika. Nimeoga, nimekula, nimetafakari, na sasa nalalamika.

Endapo barua hii itapanda kwa wakubwa wako ambao hawajaniona, niwaeleze kwamba ukulele ni gitaa dogo la nyuzi nne, la kukumbatia kifuani kama mtoto anayenyonya. Nilianza kuziunda baada ya kwaya moja kuniletea iliyopasuka, wakidhani ukulele hurekebishwa kama stuli. Niliifungua, nikaona ndani hamna uchawi, ni mbao nyembamba na uvumilivu tu. Tangu hapo naziunda mwenyewe kwa mabaki ya mninga yanayobaki kwenye vitanda, na nyuzi zake ni zile za kuvulia samaki. Sauti yake ni tamu. Samahani kwa kujisifu, lakini nisipojisifu mimi sioni foleni ya wengine wanaosubiri kunisifu, na hicho ndicho kiini cha malalamiko yangu.

Ujue pia kwamba nimetengeneza vitanda maisha yangu yote ya utu uzima, na kwa kitanda sauti ni aibu. Kitanda kikilia, mteja anakirudisha asubuhi akiwa ameinamisha uso. Ukulele ndicho kitu cha kwanza nilichounda ambacho kikilia, watu wanatabasamu. Siku ya kwanza niliposikia moja ikiitika mikononi mwangu nilitoka nje ya banda nikasimama peke yangu, maana sikutaka mke wangu anione machozi.

Huyo mke wangu, Mama Angel, jina lake Rozi, ndiye chanzo cha haraka yangu. Mahindi ya mwaka huu yamekubali mno. Yamejaa sebuleni, yamejaa chini ya kitanda, na mgeni akija anakaribishwa kwenye gunia. Rozi ametangaza kwamba banda langu litakuwa ghala kuanzia Jumapili, isipokuwa kama ukulele zitakuwa zimenunuliwa Jumamosi. Amesema mahindi hayahitaji kusifiwa ndipo yaliwe. Zisiponunuliwa, kalibu zangu za kukunjia mbao zinakwenda jikoni, nami narudi kwenye vitanda mpaka nife. Sasa sikiliza jinsi nilivyofikishwa hapa.

1. Nilipeleka ukulele zangu sita Tunduma kwa Bwana Bashiri, mwenye duka la vinanda na spika karibu na stendi. Bashiri ni mtu muungwana, alikuja kutoka pwani zamani na hajawahi kunidanganya. Alipiga moja, akafumba macho, akapiga tena. Kisha akaigeuza nyuma, akasoma nilipochonga "O. Mwashitete, Mlowo", akairudisha mezani taratibu kama mtu aliyeambiwa chakula alichokuwa akikisifia ni cha msiba. Akaniambia, "Fundi, chombo ni kizuri, ila hakina safari. Mlowo ni hapo tu, mtu anafika na bodaboda. Nani atalipia kitu cha mahali anapoweza kufika na bodaboda?"

2. Mwalimu Diana wa kwaya ya watoto pale Tunduma amezunguka mkoa mzima akitafuta fundi mzuri, wa bei nafuu, ambaye watu hawajamgundua. Hayo ni maneno yake mwenyewe, aliyatangaza hadi kanisani. Bashiri alimwonyesha kazi yangu bila kumtajia jina. Aliipenda. Watoto waliipenda. Kisha akauliza ni ya wapi, akaambiwa. Mwalimu Diana akafikiri, akasema kwamba ingekuwa nzuri kweli, watu wangekuwa wamekwisha kuigundua. Bi. Jenista, wewe ni msomi. Nieleze mtu anamtafutaje fundi asiyejulikana, halafu anamkataa kwa sababu hajulikani? Hata hivyo ameahidi kurudi dukani Jumamosi kununua sita, na amemwomba Bashiri amtafutie "zilizoingia", yaani za kutoka ng'ambo.

3. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni dhahiri hawakuwahi kufanya biashara Tunduma. Hapa kizuri kisipotembezwa kinaoza. Nikaamua kuzitembeza. Nilizitia ukulele zangu kwenye gunia la mahindi, nikavuka nazo hadi Nakonde, upande wa Zambia, ili zikaone dunia. Huko nilimfuata mfanyabiashara mmoja wa vyombo, nikamwamkia "mulishani" kwa heshima zote. Naye alipiga, naye akafumba macho. Kisha akaniuliza ni za wapi. Nikasema Mlowo. Akasema Mlowo anaijua, shangazi yake ameolewa huko. Akanishauri nizirudishe Tunduma zikae kidogo, halafu zivuke tena zikiwa zimetoka mbali. Nilisimama pale na gunia langu, Bi. Jenista, nikiwa mzalendo asiyetakiwa na nchi mbili.

4. Hapo ndipo unapoingia wewe. Nilirudi upande wetu, nikapanga foleni ya wanaoingiza mizigo, nikiwa mtulivu, nikiwa nimevaa koti. Wengine kwenye foleni ile walikuwa wanaficha vitu kwenye soksi. Mimi pekee nilikuwa nimefungua gunia kabla sijaulizwa. Ukaichukua moja, ukaigeuza, ukasoma, ukasema ni bidhaa ya nyumbani na haina ushuru. Nikakusihi. Nikakwambia nitoze chochote, hata kidogo, hata kimakosa. Ukacheka, ukamwita mwenzako, naye akacheka, na mama mmoja wa nyuma yangu aliyekuwa na vitenge akaniuliza kama naumwa.

5. Nilirudi kesho yake nikiwa nimeparua neno "Mlowo" kwa msasa. Ukanitambua kwa koti.

6. Siku ya tatu uliniumiza zaidi, ingawa naamini hukukusudia. Ulichukua ukulele yangu ukaipiga. Kumbe unajua! Ulipiga wimbo wa Krismasi wakati Krismasi iko mbali, foleni nzima ikanyamaza, hata madereva wa malori waliacha kutukanana. Ukasema hujawahi kusikia sauti nzuri namna hiyo. Kisha ukaniambia kwamba mwanao naye anajifunza, na umemwagizia ya kwake kutoka ng'ambo kwa simu, mwezi wa pili sasa haijafika. Nikafunga gunia.

Sasa basi, Ndugu Afisa, sikuandika ili kulaumu tu. Mtu mzima akilalamika huja na mapendekezo, nami ninayo, nimeyapanga kuanzia jepesi.

Kwanza, naomba ukulele zangu zitozwe ushuru kabla ya Jumamosi. Risiti iandikwe kwa mwandiko mbaya, kama zile nyingine, na muhuri ugongwe juu ya mbao yenyewe, mahali pa kuonekana. Nikikataliwa ushuru, nitaamini kwamba serikali haitaki fedha, jambo ambalo nikilisema hapa Mlowo watanipeleka kuombewa.

Pili, ikiwa sheria inakukataza, basi zizuie. Zikamate kabisa. Hakuna kinachopandisha hadhi ya bidhaa hapa kwetu kama habari kwamba imekwama mpakani. Friji za jirani yangu zilikwama siku chache tu, watu wakaanza kumwamkia shikamoo. Ukulele zangu zikikwama hadi Ijumaa jioni, Bashiri atazililia, na Mwalimu Diana atampigia simu kila mtu anayemfahamu. Nitakuja mwenyewe kufoka getini, ukipenda. Nina sauti nzuri ya kufoka.

Tatu, kama hata kunikamata ni shida, naomba unikaripie hadharani. Uniambie kwa sauti, "Mzee, vitu vya thamani kama hivi unavipitisha kwenye gunia?" Maneno hayo tu, saa ya foleni ndefu. Mengine vijana wa kubadilisha fedha watayaeneza bure.

Nne, na hili najua linahitaji wakubwa wako, naomba Mlowo itangazwe kuwa nchi ya nje. Usishtuke. Kwa upande wa ukulele peke yake. Kwenye kahawa na mahindi tutabaki Watanzania kama kawaida, kwenye mpira vilevile. Lakini ukulele ikitoka Mlowo kwenda Tunduma iwe inaingia nchini, ikatiwe karatasi, wakala aihangaikie, ichelewe, ipotee kidogo, ipatikane. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nimeumwa vya kutosha, sasa nataka kuwa mgeni.

Tano, hilo likishindikana kabisa, niko tayari mimi binafsi kuwa raia wa kigeni. Nimeshaanza mazoezi. Nimeacha kuitika nikiitwa mara ya kwanza, na nikiulizwa bei najibu kwa kuchelewa, nikitazama mbali. Tatizo ni Rozi. Amesema yeye aliolewa na Mnyiha wa Mbozi mbele ya mchungaji, na mgeni yeyote atakayetaka kulala kwake aje na viza. Kwa hiyo pamoja na uraia nitahitaji viza ya kulala nyumbani kwangu. Muhuri wowote utamtosha, kusoma anasoma ila miwani yake imevunjika.

Nimeandika kwa utani kidogo kwa sababu nikiandika bila utani nitaandika vibaya. Inaniuma, Bi. Jenista. Inaniuma kuona watu wanafumba macho kwa raha wakisikia kazi yangu, halafu wanayafumbua wakisikia jina langu. Sikuomba niitwe bingwa. Nilitaka mtoto mmoja wa Tunduma apige ukulele ya Mlowo bila kuombwa radhi kwamba ni ya Mlowo. Ugonjwa huu wa kudharau cha jirani umetuingia wote mpaka kwenye mifupa, na kama hakuna atakayeanza kupona, tutaendelea kununua hata ugali wetu kutoka mbali. Mimi nimeamua kusimama kidete dhidi yake. Ndiyo maana naomba muhuri wa kigeni.

Nisalimie wote hapo mpakani: mwenzako aliyecheka hadi akashika ukuta, mama mwenye vitenge kama bado anapita, na madereva walioacha kutukanana kwa muda ule mfupi. Msalimie sana mwanao, mwambie asichoke kusubiri. Rozi anakusalimu pia, anauliza kama huko mpakani mna nafasi ya kuweka mahindi.

Wako mtiifu, mlipa ushuru asiyelipishwa,

Osea Mwashitete,
Fundi.

Tanbihi: Samahani, nilikuwa nimekwisha saini. Patasi yangu imekatika ncha. Ukimwona mfanyabiashara yeyote anapita hapo na patasi za ng'ambo, tafadhali mwelekeze kwangu, bei tutaelewana. Yupo mhunzi mmoja wa Mkwajuni, humu humu mkoani kwetu, anaitwa Ezron, hachoki kunipigia simu akinibembeleza ninunue za kwake, anasema ni imara na bei yake ni nusu. Alinitumia moja niijaribu. Sikatai, inakata, ukulele ile uliyoisifia shingo yake niliichonga kwa hiyo hiyo. Lakini tuambiane ukweli, Bi. Jenista, mtu wa Mkwajuni atajulia wapi patasi? Nimemwambia azipitishe kwanza Nakonde, ndipo tuzungumze.